Naomba ushauri: kemia kwa simu, wanafunzi wananikimbia

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kemia kidato cha tatu hapa Moshi. Likizo hii tumekubaliana na wazazi tuendelee kwa WhatsApp, ila wanafunzi wametawanyika: wengine Pasua, wengine Marangu na Rombo, na simu yenyewe ni ya mama, inafika nyumbani usiku haina chaji wala bando.

Nikituma notsi, kimya. Juzi nikawaambia wachemshe choya (rozela, yale maua mekundu ya juisi), maji yake wayagawe vikombe viwili, kimoja wakamulie ndimu (asidi), kingine watie magadi (besi) kidogo, waone rangi ikibadilika. Kundi liliamka! Picha za wekundu mkali, za kijani, na mmoja akajaribu majivu ya jikoni bila kuambiwa (huyo darasani huwa analala).

Shida ni kuendelea. Asidi na besi zimekubali, sasa moli (kipimo cha idadi ya chembe) na titresheni (kupima asidi kwa kuidondoshea besi) nazifundishaje bila bureti, ule mrija wa maabara wenye vipimo? Video zinamaliza bando, na sitaki mtoto achezee dawa ya choo au maji ya betri nyumbani.

Walimu wenzangu, mnatumia vitu gani? Na wasio na simu kabisa mnawafikiaje? Nilifikiria kutuma karatasi kwa bodaboda, nauli ya Rombo imenishinda.