Matunzo ya mtoto: kuandikiana makubaliano au kufungua maombi mahakamani?

Nuru: Wadau, tulinganishe. Wazazi wametengana. Waandikiane makubaliano, au anayekaa na mtoto aende mahakamani moja kwa moja? Na amri ikitoka halafu halipi, kipi kinaleta pesa: kukata mshahara, kukamata mali au kifungo?

Karani: Ubaba haubishaniwi na kipato kinajulikana? Andikianeni, mtaokoa miezi. Ila karatasi iliyosainiwa sebuleni haimlazimishi mwajiri kukata chochote. Ipelekeni mahakamani isajiliwe kama amri. Angalieni na maneno. "Atachangia kadiri ya uwezo wake" haikaziki, yaani mahakama haiwezi kuitekeleza kwa nguvu, maana hakuna anayeweza kupiga hesabu ya deni. "Atalipa 200 kila tarehe 5 kupitia akaunti hii, na ada ataipeleka shuleni kabla muhula haujafunguliwa" inakazika.

Bi Hoja: Akianza kupiga chenga, usimsubiri, fungua maombi. Ambatanisha cheti cha kuzaliwa, hati ya kiapo, mchanganuo wa gharama za mwezi na risiti za miezi mitatu hivi. Kwenye mchanganuo ndipo watu wanapoharibu: wanambebesha mtoto kodi yote ya nyumba. Kodi ikiwa 600 na mnaishi wanne, sehemu yake ni 150. Hakimu akikuta namba moja imevimba, anaanza kuzitilia shaka zote.

Siku hiyohiyo omba amri ya muda, mtoto ale wakati kesi inaendelea. Ubaba ukikanwa, omba kipimo cha vinasaba mapema, usingoje siku ya ushahidi.

Karani: Naongezea kuhusu wito, ile hati ya mahakama ya kumwita mdaiwa. Kesi nyingi hukwama hapo. Toa anwani ya kazini na ya nyumbani, na mpeleka wito aape kwamba alimkabidhi. Akijificha, omba kibali cha kumfikishia kwa njia nyingine, mfano kuubandika mlangoni kwake au kutangaza gazetini. Ukipuuza hili, amri itakayotolewa bila yeye kuwepo inaweza kutenguliwa, na mnaanza upya.

Nuru: Na aliyejiajiri? Hana hati ya mshahara.

Bi Hoja: Omba mahakama imwamuru alete taarifa za benki na za pesa za simu za miezi sita au zaidi, pamoja na leseni ya biashara. Akikataa, mahakama inaweza kukadiria kipato chake kwa maisha anayoishi: gari, kodi anayolipa, shule za watoto wengine.

Msimamo: Kwenye kukaza, mimi naanza na mshahara. Pesa inakatwa kabla hajaigusa. Udhaifu wake ni kwamba akihama kazi, makato yanakufa hadi mwajiri mpya apelekewe amri. Kukamata mali kunafaa kwa malimbikizo makubwa, lakini chunguza kwanza: gari lenye mkopo au lililoandikwa jina la ndugu litakuletea pingamizi, na gharama za dalali wa mahakama anayekamata mali zinaweza kuanzia kwako.

Kifungo nakiweka mwisho kabisa. Ni kwa mwenye uwezo anayekaidi, na uwezo huo lazima uuthibitishe. Asiye na kitu akifungwa, mtoto hapati hata senti, na kwa kawaida deni halifutiki.

Kwa njia yoyote, peleka jedwali: mwezi, alichotakiwa kulipa, alicholipa, kilichobaki. Machi 200, akalipa 120, baki 80. Aprili 200, hakulipa, jumla ya deni 280. Ndiyo maana nasema msipokeane pesa mkononi, jedwali linakosa ushahidi.

Karani: Naye akipoteza kazi aombe amri ibadilishwe mara moja. Akinyamaza, deni linaongezeka kwa kiwango kilekile, na mahakama nyingi hazirudi nyuma kulipunguza.

Nuru: Akiwa nje ya nchi?

Bi Hoja: Angalia kama nchi zote mbili zimejiunga na Mkataba wa Hague wa tarehe 23 Novemba 2007 kuhusu matunzo. Kama ndiyo, maombi yanapita kwenye mamlaka kuu (ofisi iliyoteuliwa kushughulikia maombi haya) ya nchi yako kwenda ya kwake. Kama siyo, uliza kama nchi hizo zina utaratibu wa kutambuliana amri. Utaratibu huo usipokuwepo, unafungua kesi anakoishi. Beba nakala ya amri iliyothibitishwa na uthibitisho kwamba alipata wito. Huo wa pili ukikosekana, amri inaweza kukataliwa huko.