Nimechaguliwa udaktari Muhimbili, chuo nilichokiota miaka yote, na sasa moyo unasita

Binti wa Mbinga

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habarini.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Majina yalipotoka nikakuta nimechaguliwa sehemu mbili: Udaktari wa Binadamu Muhimbili na Ualimu wa Sayansi UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Natakiwa nithibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri niliyotumiwa kwenye simu. Zimebaki siku tano. Kila nikifungua akaunti naifunga.

Muhimbili naitaka tangu darasa la tano. Mama alipojifungua kitindamimba wetu alitokwa na damu nyingi, akakimbizwa usiku hospitali. Daktari aliyempokea alikuwa kijana tu, na baba alipomuuliza amesomea wapi akasema Muhimbili. Mama yuko hai. Jina la chuo hicho nililiandika ndani ya jalada la kila daftari langu.

Mjomba wangu ni tabibu wa zahanati ya kijiji. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika, akaniita nimshikie tochi amshone mtu aliyejikata panga mguuni. Nilipoona kidonda kimefunguka masikio yalianza kuvuma, jasho baridi likanitoka, nikaja kuzinduka nimelazwa barazani.

Halafu kuna jambo jingine. Kabla ya kwenda JKT na niliporudi nimekuwa nikiwafundisha baiolojia wanafunzi wa kidato cha nne hapa shule ya kata. Binti mmoja alikuwa haelewi kabisa mzunguko wa damu. Nikamchorea moyo ardhini kwa kijiti, tukatembea juu yake, chumba kwa chumba, mpaka akaanza kunieleza yeye. Furaha ile sijawahi kuipata popote.

Baba tukiwa tunaanika kahawa kichanjani ananiita "Daktari" mbele za watu. Nitamwambiaje? Huu ni woga tu, au ndoto hii haikuwa yangu? Naombeni ushauri.

Mwaka wa Nne

Hongera sana mdogo wangu. Nasoma udaktari, niko mwaka wa nne. Siku ya kwanza chumba cha anatomia, ile harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ilituangushia watu wawili kwenye kundi letu. Wote wawili leo wako wodini na wanafanya vizuri. Damu utaizoea.

Nikuambie kinachochosha kweli. Mwanzo ni anatomia, fiziolojia na baiokemia, unasoma mpaka usiku wa manane na bado sapu, yaani mtihani wa kurudia, inakukuta. Ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa mafunzo kazini. Rafiki zako wa kozi za miaka mitatu watakuwa wameshaanza maisha wewe bado unangoja bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo. Jiulize kama uko tayari kwa hilo.

Mama Wawili

Mwanangu, mimi ni muuguzi, nimezeekea kazini. Hicho kilichokupata kinaeleweka. Mtu akiona damu, mapigo ya moyo hupungua na presha hushuka ghafla, ubongo ukakosa damu ya kutosha, ukaanguka. Ukisikia masikio yanavuma, kaza misuli ya mapaja na mikono kwa sekunde kumi au kumi na tano, achia, kaza tena. Usiingie chumba cha vidonda bila kula. Ukiona hali inazidi, kaa chini haraka, hakuna aibu. Siku ile ulikuwa umekula?

Chaki Mkononi

Mimi ni mwalimu wa kemia. Hiyo furaha ya binti na moyo wa ardhini naijua, ndiyo inayonitoa kitandani. Ila usije ualimu kwa sababu unakimbia damu. Nilisubiri ajira miaka minne, na sasa darasa langu lina wanafunzi tisini. Anayedumu huku ni aliyekuja kwa kupenda. Halafu kumbuka, wanaofundisha madaktari ni madaktari. Ukienda Muhimbili hujaiacha chaki.

Niliyeacha

Nitasema tofauti kidogo. Niliacha udaktari mwaka wa pili, na sikuwahi kuzimia. Kilichonitoa ni kwamba mgonjwa akielezwa mbele yetu, wenzangu walikuwa wanauliza maswali, mimi naangalia saa. Sikutaka kujua. Nilikwenda kwa ajili ya wazazi. Leo ni mpima ardhi na nina amani, lakini miaka miwili ilipotea na deni la Bodi ya Mikopo bado ninakatwa asilimia 15 ya mshahara. Usithibitishe ili baba afurahi. Kabla ya siku tano kuisha, rudi zahanati ukae siku nzima. Usiangalie kama utaanguka. Angalia kama unataka kujua.

Mzee wa Kahawa

Mwambie baba yako, binti yangu. Mimi wanangu wakinificha ndiyo naumia.

Binti wa Mbinga

Asanteni sana, nimewasoma wote. Mama Wawili, kweli, siku ile sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Jana nilikunywa uji nikaenda zahanati. Akaja kijana mwenye kidonda cha kisigino, wa miezi mitatu, hakifungi. Masikio yakaanza. Nikakaza mapaja kama ulivyosema, nikaegemea ukuta, yakatulia. Mjomba akawa anasafisha, mimi nikajikuta namuuliza: mbona pembeni kumekauka na katikati bado kubichi? Sukari amepimwa? Mjomba akaacha kusafisha, akanitazama, akaniambia nikamletee kipimo. Sukari ilikuwa juu sana. Kijana mwenyewe hakuwa anajua.

Niliyeacha, saa sikuiangalia hata mara moja.

Jioni nikamweleza baba kila kitu, pamoja na kuzimia. Akanyamaza, akaendelea kuchambua kahawa. Baadaye akasema yeye mwenyewe usiku ule wa mama alianguka kwenye korido ya hospitali, hakuwahi kumwambia mtu.

Leo asubuhi nimethibitisha Muhimbili. Woga bado upo. Wale wa kidato cha nne nitaendelea nao mpaka siku ya kusafiri, tumefika kwenye figo.

Mwaka wa Nne, kitabu cha anatomia ninunue kabla ya kuja au vya maktaba vinatosha?