Mhakiki wa filamu ahukumu hadithi peke yake, au na nakala tunayouziwa?

Kiti cha Nyuma (mleta mada)

Wakuu, kuna jambo limenikaa kooni, naomba tulijadili bila kuvunjiana heshima.

Majuzi nilisoma uhakiki wa filamu ya zamani iliyotolewa upya kwenye diski ya 4K, ile yenye picha kali zaidi. Aya saba. Sita zilinisimulia filamu yenyewe, ambayo mtu anayenunua diski ya namna hiyo kwa kawaida ameshaiona mara kumi. Ya saba ikasema picha "inapendeza sana", ikaishia hapo. Nikatoa pesa. Kuiweka tu, naona nyuso za waigizaji zimelainishwa hadi zinang'aa kama mishumaa. Zile chembechembe zinazoipa picha ya filamu uhai zimefagiliwa zote, na nywele zimeshikana kama zimemwagiwa gundi. Nikaurudia ule uhakiki kwa hasira. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mwandishi anamshukuru msambazaji kwa kumtumia linki ya kutazamia. Kumbe diski hakuigusa!

Hoja yangu inaanzia hapo. Filamu siku hizi haitufikii ikiwa kitu kimoja. Kuna ya ukumbi wa sinema, kuna ya huduma za strimingi (kutazama moja kwa moja mtandaoni), kuna ya diski, na kila moja imepitia mikono yake. Mhakiki asiyesema ameona ipi, na ameionea wapi, kwangu mimi kaandika nusu ya kazi.

Nitoe mfano mmoja tu. Huduma ya strimingi ya Disney+ ilipoanza Novemba 2019, iliweka misimu ya zamani ya katuni ya The Simpsons ikiwa imekatwa juu na chini ili ijaze skrini pana za leo, wakati ilichorwa kwa skrini ya 4:3, ile ya runinga za zamani iliyokaribia mraba. Kuna mzaha wa kiwanda cha bia ya Duff: matangi matatu, Duff, Duff Lite na Duff Dry, na juu yake bomba moja linalomimina bia ileile kwenye matangi yote. Ukikata juu, bomba halionekani. Wanabaki watu wamesimama mbele ya matangi, na wewe unajiuliza umecheka nini miaka ile. Ilichukua hadi Mei 2020 watazamaji kuruhusiwa kuchagua umbo la awali. Sasa aliyekaa Januari 2020 akaandika kwamba kipindi hiki hakichekeshi kama zamani, alikuwa anahakiki waandishi au anahakiki mkasi?

Simu Mkononi

Mkuu pole kwa hasara, ila naomba kutofautiana. Una ugomvi na muuzaji, unamchapa mhakiki.

Mimi nataka mhakiki aniambie kitu kimoja: nikitoa saa mbili zangu, nitajuta au sitajuta? Basi. Watu walizipenda filamu kwenye kanda za VHS zilizorekodiwa juu ya kanda nyingine, picha inacheza ngoma, sauti inazama na kuibuka, na bado walilia palepale pa kulia. Leo mtu anatazama kwenye simu, ndani ya basi, hedifoni ya upande mmoja kwa sababu upande wa pili ulishakufa. Huyo unamwambia habari za chembechembe?

Halafu tuwekane sawa: mkiwafungulia wahakiki mlango wa namba na vipimo, hawatatoka tena. Uhakiki utageuka kuwa ile karatasi inayokuja ndani ya boksi la friji.

Rafu Imejaa

Simu, hapo pa "kulia palepale pa kulia" umenikamata kidogo. Ila kuna filamu ambazo pa kulia penyewe hapaonekani.

Chukua sehemu ya tatu ya msimu wa mwisho wa series ya Game of Thrones, Aprili 2019. Vita ya usiku kucha. Watu wengi waliona weusi tupu, na weusi wenyewe umekatikakatika vipande kama vigae. Mpigapicha wake, Fabian Wagner, akajitetea kwamba hivyo ndivyo walivyotaka ionekane, akawalaumu watu wasiojua kupanga runinga zao. Sehemu ileile kwenye diski ya 4K unaona moshi, unaona askari, unaona nani anakufa. Wapo walioichambua kama kosa la kisanaa, kumbe nusu ya lawama ilikuwa ya faili lililobanwa, yaani lililopunguzwa data ili lipite kwenye intaneti.

Kwa nini inabanwa? Netflix wanapendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K. Diski ya Blu-ray ya kawaida, iliyoingia sokoni 2006, inaruhusu picha peke yake kufika megabiti 40, na diski za 4K, zilizoanza 2016, zinaweza kuvuka 100. Ni kweli mbinu mpya za kubana zina akili zaidi, kwa hiyo namba hizi hazilinganishwi moja kwa moja. Lakini ukungu, maji, giza na umati wa watu ndivyo vitu vigumu zaidi kubana, na hapo ndipo strimingi inapoumbuka. Sauti vilevile: Dolby Atmos (sauti inayokuzunguka pande zote) ya strimingi kwa kawaida inabebwa na Dolby Digital Plus, inayotupa sehemu ya data, ya diski inabebwa na TrueHD, isiyotupa kitu. Kwenye spika za runinga hutasikia tofauti. Kwenye spika nzuri, utaisikia kifuani.

Sisemi mhakiki aandike haya yote. Lakini akisema "filamu ni giza mno" bila kusema aliitazama kwa chombo gani, amemhukumu mpigapicha bila kumsikiliza.

Jicho Moja

Nawasoma mnavyoibeba diski kama msahafu. Punguzeni.

Hizo nyuso za nta za mleta mada ndizo watu walizolalamikia Machi 2024, diski za 4K za Aliens, The Abyss na True Lies za mwongozaji James Cameron zilipotoka, True Lies hasa. Programu za kompyuta zilitumika kusafisha picha, wengine wakasema hawajawahi kuziona filamu hizo zikipendeza hivyo, wengine wakasema waigizaji wamegeuka masanamu. Na usiseme mwongozaji kaonewa, kazi ilipita mikononi mwake na akaitetea. Sasa hapo mhakiki afanye nini? Mwenye filamu anasema ndivyo ninavyoitaka, wewe unasema imeharibiwa. Ya nani ndiyo filamu?

Na diski nazo zinaoza. Mwaka 2025 Warner Bros. walikiri kwamba baadhi ya DVD zao za takriban miaka ya 2006 hadi 2008 zimeharibika zikiwa kwenye rafu za watu, bila mkwaruzo hata mmoja. Rafu, kazi kwako, kaangalie.

Lakini nikubali upande mmoja. Strimingi ina ugonjwa ambao diski haina: inabadilishwa usiku, wewe umelala. Juni 2023 watazamaji waligundua kwamba The French Connection, filamu ya 1971 iliyoshinda Oscar, imekatwa sehemu yenye matusi ya kibaguzi kwenye huduma za mtandaoni, bila tangazo lolote. Kabla ya hapo, 2020, Disney+ walirefusha nywele za nguva wa filamu ya Splash kwa kompyuta ili zifunike makalio, kazi ya hovyo iliyoonekana kama amevaa manyoya ya dubu. Diski ya zamani haiwezi kufanyiwa hivyo. Uhakiki wa 1971 na uhakiki wa 2023 vinaweza kuwa vinaongelea filamu mbili zenye jina moja.

Simu Mkononi

Manyoya ya dubu, hahaha. Haya, hapo umenena. Lakini huo ni udanganyifu, ni kazi ya waandishi wa habari kuufichua. Mhakiki wa kila wiki hana muda wa kukaa na nakala mbili na saa mkononi akihesabu dakika zilizopotea.

Sehemu ya Tano

Mbona mnazungumzia filamu tu? Uozo mkubwa uko kwenye series.

Huduma zinawatumia wahakiki sehemu chache za mwanzo, tuseme nne kati ya kumi, na sharti la kutosema lolote kabla ya siku fulani. Mhakiki anaandika "msimu bora", na wewe unafika sehemu ya tano unakuta gari limeacha barabara. Wengi wao ni waungwana, wanataja walizoziona, lakini kichwa cha habari na nyota hazitaji. Kisha nyota zile zinakwenda kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hakiki, ambako watu wanadhani asilimia ni wastani wa alama. Siyo. Ni hesabu ya wahakiki wangapi waliipitisha. Wote wakisema "si mbaya", inasoma 100.

Na uhakiki wa series nyingine umebaki ukielekeza kwenye hewa. Series ya Willow iliingia Disney+ mwishoni mwa Novemba 2022, Mei 2023 ikaondolewa. Diski haikutolewa. Uhakiki upo, kilichohakikiwa hakipo.

Rafu Imejaa

Nakazia. Na si zile za kulipia kwa mwezi tu. Desemba 2023 Sony waliwaambia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha *kuvinunua* vitaondolewa kwenye maktaba zao. Kelele zikapigwa, wakarudi nyuma. Mwaka uliofuata jimbo la California likapitisha sheria: huwezi kuandika "nunua" kwenye bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu, inayoweza kufutwa. Kama sheria inamtaka muuzaji aseme anauza nini, mhakiki anashindwaje kusema ametazama nini?

(Jicho Moja, nimeenda kuangalia. Mbili hazisomi. Usiku mwema.)

Kiti cha Nyuma (mleta mada)

Nimewasoma wote.

Simu, nakupa haki yako kwenye karatasi ya friji. Sitaki vipimo. Nataka sentensi moja juu kabisa, kabla ya nyota: nimeitazama kwa linki ya msambazaji yenye jina langu katikati ya skrini, kwenye kompyuta ya mapajani, au, nimeitazama kwenye diski, toleo la mwaka fulani, au, nimeona sehemu nne kati ya kumi. Haichukui hata mstari mzima. Aliyeona kwa linki anaweza kuandika vizuri kabisa kuhusu uigizaji, hadithi, uhariri. Asiguse picha wala sauti ya kitu ambacho hakipo mbele yake, ndilo ombi langu lote.

Jicho Moja, swali lako la "ya nani ndiyo filamu" sina jibu lake, na sidhani mhakiki anatakiwa awe nalo. Cameron ana haki ya kuipenda nta. Mimi nina haki ya kuambiwa ipo kabla sijalipa. Filamu ya Blade Runner ina toleo la 1982, la 1992 na la 2007, watu wanabishana hadi leo lipi ndilo, na ubishi ule ni mtamu kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake anazungumzia lipi.

Simu Mkononi

Sentensi moja nakubali. Ila swali la mwisho mkuu, nijibu kwa ukweli. Wasambazaji wanatuma linki kwa sababu ni rahisi na haigharimu kitu. Mhakiki akisema hapana, nipe diski, atanyimwa vyote. Itabidi anunue mwenyewe siku ileile unayonunua wewe, atazame, aandike. Uhakiki wako wa kweli utakufikia wiki mbili baada ya diski kutoka. Ungesubiri?

Kiti cha Nyuma (mleta mada)

Wa kweli ulikuwepo. Wa ile diski yangu. Mtu mmoja aliinunua mwenyewe, akapiga picha skrini yake, akaweka nyuso za toleo la zamani na jipya kando kwa kando. Ulitoka siku kumi na moja baada ya mimi kulipa.

Simu Mkononi

Sijauliza kama ulikuwepo.

Kiti cha Nyuma (mleta mada)

Nisingesubiri, mkuu. Niliagiza kabla haijatoka.