MREJESHO: Jirani aliyevamia shamba la marehemu baba

Ndugu zangu, narudi kuwashukuru. Niliwauliza kuhusu jirani aliyeng'oa minyaa ya mpakani na kulima kipande cha shamba alilotuachia marehemu baba hapa Tanzania. Nilikuwa nimemshtaki kwa jinai mahakama ya mwanzo. Mlisema kweli: aliachiwa, maana kila mmoja anadai ardhi ni yake, na umiliki hauamuliwi kwa kesi ya jinai.

Nikafuata ushauri wenu. Nikaanzia baraza la kata, ambalo siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikapita bila muafaka. Nikapewa hati ya kushindikana kwa usuluhishi (itunzeni sana, masjala waliiulizia kabla ya kitu kingine), nikafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Thamani ya shamba haikufika shilingi milioni 300, kikomo cha baraza hilo, na uvamizi ulikuwa wa miaka 9, ndani ya ukomo (muda wa mwisho wa kufungua shauri) wa miaka 12.

Shamba limerudi. Fidia ya migomba aliyokata nimeikosa: ukomo wake ni miaka 3, nilichelewa, na imeniuma. Jirani ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, zimebaki 11. Uliyeniambia nimtafute mzee aliyepanda ile minyaa, ushahidi wake ndio uliobeba kesi. Asante sana.