Mjadala: Simba iajiri benchi la ufundi, sio kocha na watu wake

Wana Simba wa Msimbazi, na ndugu zetu wa Yanga kule Jangwani mnaopenda kuchungulia, naleta hoja. Kila Simba inapotambulisha kocha mpya tunagombania jina lake: katoka wapi, kabeba makombe mangapi, anachezesha mabeki watatu au wanne. Naomba tuwaangalie wale wanaosimama pembeni yake kwenye picha ya utambulisho. Msaidizi, kocha wa makipa, kocha wa viungo, mchambuzi wa video. Hawa ni wa Simba au ni wa kocha?

Jibu tulilipata Septemba 2025, na liliuma. Kocha wetu Fadlu Davids alikuwa ametufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei mwaka huo, tukafungwa 2-0 na RS Berkane kwao Morocco na kutoka 1-1 pale Amaan, Zanzibar. Msimu mpya ukaanza, tukaifunga Gaborone United 1-0 Botswana kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Kabla hata ya marudiano, Fadlu akaenda klabu ya Raja Casablanca, na wasaidizi aliokuja nao wakaondoka naye. Ikabidi tumwombe Hemed Suleiman "Morocco", kocha wa Taifa Stars wakati ule, aje kusimamia mechi ya Dar es Salaam. Tulitoka 1-1, tukapita. Lakini klabu kubwa kama hii inaazima kocha wa timu ya taifa katikati ya mashindano, huku wengi waliokuwa wanajua nani anaumwa nyonga, nani amechoka na kona zinapigwa vipi wameshaaga!

Oktoba akaja Dimitar Pantev, kocha wa hao hao Gaborone United. Mwanzoni mwa Desemba akawa ameshaondoka. Kabla mwezi haujaisha akatambulishwa Steve Barker, kocha wa Stellenbosch, timu tuliyoitoa nusu fainali ya Shirikisho Aprili 2025. Mara mbili mfululizo tumechukua kocha wa timu tuliyoifunga wenyewe. Kwa Barker sina ugomvi na chaguo. Stellenbosch aliipandisha Ligi Kuu ya Afrika Kusini mwaka 2019 na kombe la Carling Knockout likaja Desemba 2023. Angepewa miezi miwili kama Pantev, hilo kombe lingetoka wapi?

Najua jibu la watu wa Yanga: "Sisi msimu wa 2024/25 tulikuwa na Gamondi, akaja Ramović, akamalizia Hamdi, na ubingwa tukachukua." Kweli, walichukua, na sisi tukafungwa 2-0 siku ya mwisho. Ila msimu uliotangulia Gamondi aliwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na msimu huo wa makocha watatu wakaishia makundi. Ligi ya nyumbani inaweza kubebwa na ubora wa wachezaji. Huko nje unakutana na timu zilizokaa pamoja, na hapo ndipo kubadilisha benchi kila mara kunakugharimu.

Hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi ni kwamba kocha hawezi kufanya kazi na watu asiowaamini. Sawa. Aje na msaidizi wake mmoja na kocha wa viungo. Lakini kocha wa makipa na mchambuzi wa video wawe waajiriwa wa klabu, mikataba yao isifungwe na ya kocha mkuu, na kila video na rekodi ya mazoezi ibaki mikononi mwa Simba. Kipa hapaswi kubadilishiwa mafunzo kila anapofukuzwa mtu ambaye hata hamfundishi yeye.

Na wazawa tuwatendee haki. Juma Mgunda alikabidhiwa timu Septemba 2022 baada ya kocha Zoran Maki kuondoka, akaitoa Primeiro de Agosto ya Angola nyumbani na ugenini, akatupeleka makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa Robertinho kuwa kocha mkuu juu yake. Aprili 2024 kocha Benchikha alipoondoka, aliyeitwa ni Mgunda tena. Seleman Matola naye, nahodha wetu wa zamani, amekaa benchi na makocha wengi kuliko kiongozi yeyote anavyoweza kuwataja bila kuangalia karatasi. Watu hawa tunawaita kuzima moto, halafu tunawarudisha nyuma. Klabu iwalipie leseni za juu kabisa, iwape nafasi yenye mamlaka inayojulikana, ili kocha akiondoka Jumatatu, Jumanne mazoezi yaendelee vilevile.

Nitajieni nyinyi: kocha mkuu akiondoka leo, ni nani kwenye benchi letu mngependa mkataba wake ubaki hai, na kwa kazi ipi? Na anayeona kocha apewe uhuru wa kuleta benchi zima, aniambie Septemba 2025 ingezuiwaje.