Maandishi ya ngao: "worth her weight in gold" au "worth her salt"?

Kipepeo_Tanga: Wakuu, salaam. Kuna mtu tunamuaga kazini na fundi wa ngao anataka maandishi kesho asubuhi. Kamati imegawanyika kati ya hizo mbili: ya uzito wa dhahabu (gold) na ya chumvi (salt). Ipi inafaa?

Mzee wa Bandari: Mtu gani? Bosi, mlinzi, mwalimu? Anastaafu au anahamishwa? Humu mnapenda kuuliza nusunusu.

Mwl_Sijali: Ya chumvi iondoeni leo hii. Maana yake anastahili mshahara anaolipwa, basi. Waingereza huitumia zaidi kwa jumla: daktari yeyote "worth his salt" angeliona tatizo hilo. Ya dhahabu ndiyo sifa yenyewe, ya mtu au kitu chenye msaada mkubwa mno.

Binti Makorora: Kwani "Wewe ni hazina yetu" ina ubaya gani? Kiingereza cha nini kwenye ngao?

Dada Rehema: Hata ya dhahabu muwe macho. Ofisini kwetu tulimuaga mhasibu, mama mwenye mwili wake. MC akaisoma, kisha akajitia mkalimani: "Yaani mama, tukikupandisha kwenye mzani wa mahindi, upande wa pili tunajaza dhahabu!" Ukumbi ukaangua kicheko, meza kuu nayo. Mama akapokea zawadi, akaketi, keki akagoma kukata. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiitikia kwa mkato, na mimi nilikuwa kamati ya chakula!

Kipepeo_Tanga: Samahani wakuu, ni matroni wa bweni, anastaafu. Na ndiyo, ana mwili.

Mzee wa Bandari: Si ungesema mapema! Ila kupimwa uzito si tusi. Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, Waislamu wa Kishia, alipimwa kwa almasi hapo Dar mwaka 1946, watu wakafurika.

Fundi Saa: Na Nairobi 1937 kwa dhahabu. Kilo 70 tu ni kama wakia 2,250.

Mwl_Sijali: Mbona mimi napata karibu 2,470?

Fundi Saa: Umetumia wakia ya jikoni, gramu 28 na ushee. Ya dhahabu ni gramu 31.1.

Binti Makorora: Hizo almasi aliondoka nazo?

Mzee wa Bandari: Wapi! Fedha za thamani ile zilirudi kwa Waismailia wenyewe. Diamond Trust, benki hii ya leo, chimbuko lake ni huko.

Kipepeo_Tanga: Kamati sasa inataka "hazina", mwenyekiti hapokei simu. Hivi herufi hulipiwa mojamoja?

Fundi Saa: Ngao ya mbao au ya kioo?