Ndoo za mipira renji, kocha, au wavu wa nyumbani: kipi kitaninyooshea swingi?

Gofu_Jioni: Wakuu, habari za jioni. Nina mwaka na kitu kwenye gofu na swingi, yaani namna ninavyozungusha fimbo, imegoma kunyooka. Nimetenga laki sita. Ninafikiria ama ninunue ndoo za mipira renji (uwanja wa mazoezi ya kupiga) nijipigie mwenyewe baada ya kazi, ama nimlipe kocha vipindi vichache, ama nifunge wavu na mkeka uani kwangu. Nataka niamue kabla ya mwisho wa mwezi. Mnashauri nini?

Mzee_wa_Fairway: Mkuu, hapo hujatueleza kitu. Mpira unaenda wapi? Unapiga mkono gani? Hendikapu ngapi, yaani mapigo unayopunguziwa kwa kiwango chako? Uko mji gani?

Kabete254: Kama uko Nairobi, nenda Golf Park pale Ngong Racecourse upige ndoo moja kila wikendi. Mimi nilijifunzia hapo hapo na sijawahi kumlipa mtu.

Gofu_Jioni: Samahani wakuu. Niko Dar, mkono wa kulia, hendikapu 28. Fimbo fupi hazinisumbui. Shida ni dreva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali: mpira unaanza kushoto, kisha unakata kulia mpaka vichakani.

Mzee_wa_Fairway: Sasa tunaelewana. Hiyo ni slaisi. Mpira huanzia karibu na pale uso wa fimbo unapotazama, halafu hupinda kwa sababu uso na njia ya fimbo havielekei pamoja. Wako unaanza kushoto, kwa hiyo uso unatazama kushoto ya lengo, ila fimbo yenyewe inapita kushoto zaidi, inatoka nje kuja ndani. Ukigeuza miguu kushoto ili kufidia, unaizidisha. Mipira mingi bila jicho la mtu itaikomaza tu. Lipa kocha.

Mama_Putter: Kabla ya kulipa, mdogo wangu, paka poda ya mtoto kwenye uso wa dreva, kidogo tu. Piga, kisha tazama alama. Ikiwa karibu na mpini, mpira utakata kulia hata ukiwa umezungusha vizuri. Futa, paka tena, sogea nyuma kidogo. Ukiwa na poda, hiyo ndoo moja inakufundisha.

Mangi_Birdie: Mkeka naomba usiuguse. Mimi muuzaji aliniapia kwamba mkeka wake hauna tofauti na nyasi. Nikautandika juu ya saruji ya uani, kila jioni napiga kwa fimbo namba 7 kwenye wavu. Kwenye mkeka, fimbo ikigusa chini kabla ya mpira inateleza, mlio unatoka safi, na wavu unaudaka mpira hata hujui ungeelekea wapi. Nilipoingia uwanjani nyasi zikasema ukweli: fimbo inachimba udongo, mpira unasogea hatua chache. Kisha kiwiko cha kushoto kikaanza kuuma. Ikafika nashindwa kufungua kizibo cha chupa ya maji. Daktari akasema kano zimeumia kwa kugonga kitu kigumu mfululizo. Masika yote sikushika fimbo.

Kabete254: Pole sana kaka. Lakini hapo wa kulaumiwa ni saruji. Weka mkeka mnene juu ya udongo, hutaumia.

Mangi_Birdie: Na ulikoenda mpira utauonaje?

Kabete254: Simu. Rekodi kwa nyuma, kamera ielekee lengo. Hata mimi slaisi yangu imepungua hivyo.

Mzee_wa_Fairway: Wewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali na unapinda kidogo. Shuka Nyali, Mombasa pwani, na swingi hiyo hiyo, utaiona slaisi yako.

Kabete254: Nimecheza Nyali, mzee wangu. Upepo ndio ulinisumbua.

Mama_Putter: Na kocha si lazima awe wa bei kubwa. Wachezaji wengi wa kulipwa huku kwetu walianza kwa kubeba mikoba. Kedi (mbeba mikoba) mzoefu atakuona kosa kwa mipira mitano. Mlipe vizuri, muda wake ni kazi.

Mzee_wa_Fairway: Kuona kosa ni jambo moja, kulirekebisha ni jingine.

Gofu_Jioni: Asanteni. Kesho naanza na poda. Kocha na kedi bado napima.

Lefty_Tanga: Samahani kuingilia uzi. Fimbo za mtoto wa miaka 11, mkono wa kushoto, zinapatikana wapi Dar? Kila duka ni za kulia tu.

Mama_Putter: Za kushoto za mtu mzima mwanamke zikikatwa mpini zitamfaa kwa muda, ila zitakuwa nzito kichwani. Ana urefu gani?